Bomba Chini ya Hodhi

Mwezi uliopita walibomoa ile nyumba ya mzungu kule Lugari, na sisi tuliobaki katika wale wa kwanza kuhamia shamba lile tukaitwa kuja kuiona ikianguka. Tulikuwa wanne tu. Tukaketishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, tukapewa soda na mandazi, tukapigwa picha kama maharusi. Kisha kijana mwenye kandarasi akaja na swali. Mafundi wake walikuwa wameng'oa sakafu ya bafuni wakakuta bomba la zamani la kutolea maji, zito, la madini ya risasi, na katikati yake kipande cha urefu wa mkono hakipo. "Kukhu," akaniuliza huku anacheka, maana huku bibi yeyote ni kukhu wa kila mtu, "ni nani aliiba bomba hapa?" Wenzangu watatu wakageuza shingo wakanitazama. Sikumjibu papo hapo. Nimepita miaka themanini, na mtu wa umri huu akiulizwa jambo ana haki ya kumaliza mandazi yake kwanza.

Sitaeleza kwetu ni wapi wala niliolewa vipi, hayo yana siku yake. Nataka mwaka mmoja tu, ule wa kwanza baada ya Uhuru, tulipogawiwa ardhi ya mzungu aliyekwenda zake. Kila familia ilipata kipande chake, lakini nyumba zetu hazikuwa zimejengwa, kwa hiyo familia sita tukaishi pamoja katika nyumba yake. Vyumba viligawanywa kwa kuwahi. Mimi nilifika wa mwisho, tena peke yangu, kwa sababu mume wangu Elisha alikuwa kazini kwenye reli, Kampala, na likizo yake ilikuwa mbali. Nikapewa bafu. Lilikuwa na dirisha dogo la kioo cha mawimbi na hodhi refu jeupe la kuogea ambalo halikupata maji tangu mwenyewe aondoke. Nililaza mbao juu ya hodhi, juu ya mbao godoro, na ndani ya hodhi nikamwaga mbegu zangu za mahindi na maharagwe. Nililala juu ya chakula cha mwaka mzima, na kila nilipogeuka mbao zililia. Wengine walinicheka wakaniita Mama Bafu. Nami niliwaambia kwamba mbegu zangu hazina panya, zao je?

Mtu wa kuogopwa katika nyumba ile hakuwa mzungu, alikuwa Zablon. Zablon alimpikia mzungu huyo miaka mingi, akapata kipande cha shamba kama sisi, na funguo akabaki nazo. Chumba cha kulia chakula alikifunga. Kila Ijumaa aliingia peke yake akaipaka meza mafuta, akapanguza viti kumi na viwili, akatoka akafunga tena. Sisi tulipika nje kwa mawe matatu, tukala obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda tukiwa tumechuchumaa kwenye veranda, na watoto wakigusa ukuta kwa mikono ya mboga Zablon alikuja na kitambaa. Ukuta wa bafu ulikuwa mwembamba. Jioni nilimsikia akizungumza na mkewe. "Hawa wazungu wanarudinga," alisema. "Atakuja siku moja na gari, ataniuliza, Zablon, kijiko changu cha supu kiko wapi? Nitamwambia nini?" Mkewe alijibu, "Mwambie umekula nacho." Zablon hakucheka. Leo naweza kumcheka, lakini wakati ule hata mimi nilipofungua bomba lisilo na maji nililifunga tena kwa adabu. Bendera ilikuwa yetu, sawa, lakini kitu cha mtu ni kitu cha mtu.

Kipande changu kilikuwa cha chini, kinapakana na kichaka cha mto. Nililima kwa jembe na kwa jirani wa kukodi mwenye maksai, nikapanda mahindi na maharagwe kati yake, na mvua ikaja vizuri. Afisa wa mashamba alikuwa ametuambia wazi barazani: atazunguka wakati wa palizi ya pili, na kipande kitakachokutwa hakina mazao kitapewa mtu mwingine anayekingoja. Alisema bila ukali, jambo lililonitisha zaidi. Basi asubuhi moja nikashuka shambani nikakuta mistari mitatu ya maharagwe imekatwa juu kwa usafi, na mahindi machanga yametolewa moyo. Kesho yake mistari minne. Siku ya tatu nikajificha kabla ya jua, na nikamwona. Alikuwa pongo dume. Alitoka kichakani kwa hatua moja, akasimama, akasikiliza. Mwili mwekundu wa udongo, madoa meupe mgongoni, pembe mbili zilizojisokota, na masikio yakizunguka kila moja kwa shughuli yake. Nilikuwa nimeshika panga. Nilikuja kumfukuza, lakini mdomo haukufunguka. Sikuwa nimewahi kuona kitu kilichokaa sawasawa namna ile, kana kwamba shamba, ukungu na mimi tuliwekwa baada yake. Akala mistari miwili mbele ya macho yangu kisha akarudi.

Nilijaribu yote. Nilitundika madebe, nikaazima mbwa, nikatega kamba. Madebe aliyazoea, mbwa walimwogopa, na kamba ilimkamata mbuzi wa Zablon, nikasemwa wiki nzima. Zimebaki wiki tano afisa aje, nusu ya shamba ni vijiti. Ndipo mkewe Zablon aliponiambia habari za Mzee Athumani wa Matungu, mwenye gobore la tangu siku za misafara, na kibali chake cha kulimiliki kimepigwa muhuri. Nilimtumia ujumbe kwa mfanyabiashara wa Shianda, nikajua hatakuja. Siku ya sita alifika kwa miguu kutoka barabarani, kanzu imepandishwa hadi magotini kwa ajili ya matope, gobore limefungwa kwenye blanketi mgongoni. "Asalaam aleikum, watu wa nyumba kubwa," akasema. Mgeni njoo mwenyeji apone, nilifikiri, na nikamkimbilia kumpokea mzigo. Akarudi nyuma hatua moja. "Huu haupokelewi, mwanangu," akasema. "Na ukiukuta umelala chini, zunguka, usiuruke."

Zablon alimpa kibanda cha mtunza bustani. Nilimpa ingokho, kuku wa mgeni, amchinje mwenyewe, nikapika, akala polepole, kisha akaniwekea mambo mezani, yaani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baruti aliyokuwa nayo katika pembe ilitosha mara mbili, na hajui atapata nyingine wapi. Macho yake yameingia ukungu, kwa hiyo nitalala kando yake nimwambie mgeni amesimama wapi. Siku ya kuwinda hakulitaja jina la mnyama, alimwita mgeni. Mikono yake inatetemeka, si ya kumimina tena kitu cha moto. "Basi vidonge vya risasi utavimimina wewe," akasema. Nikashangaa. Nilijua kwamba mwanamke hagusi silaha ya mwindaji. "Silaha hutaigusa," akasema. "Utapika tu. Kupika hujui?"

Siku tatu tulichagua. Nasema tulichagua, lakini mimi nilileta na yeye akakataa. Nilianza na vipande vya nondo, maana nilisikia wengine hujaza hivyo. Akavitupa nje. "Hivi vinakwaruza mtutu, na mnyama vinamwachia vidonda kumi vya kwenda kufia mbali. Hicho si kuwinda, ni kutukana." Nikaleta gololi za chuma kutoka kwenye gurudumu la trekta bovu, mviringo safi, zinang'aa, nikadhani nimemaliza kazi. Aliizungusha moja mdomoni mwa mtutu, ikaenea kabisa. Akanirudishia. "Hii itapita ndani yake kama mpita njia asiyetoa salamu. Mimi nataka kitu kitakachoingia na kukaa. Ukisikia risasi imeingia ikatanuka, mnyama anakaa chini. Hafi hapo hapo, wala hakimbii. Ananingoja nifike na kisu, nitaje jina la Mungu, nimchinje. Akifa kabla, kwangu ni mzoga, sitamla, na nitakuwa nimeua bure. Akikimbia, ni dhambi kubwa zaidi. Kati ya hayo mawili kuna njia nyembamba, na njia hiyo ni risasi laini." Alizungumza juu ya kidonge kisichozidi ncha ya kidole gumba kama mtu anavyozungumza juu ya posa ya binti yake. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba na sikuwa nimewahi kusikia mtu akifikiria kifo cha mnyama kwa uangalifu ule. Mwili wangu ulisisimka, na hata sasa nikikumbuka unasisimka.

Akanifundisha namna ya kuijua. Risasi laini ukiiweka ukucha inakubali alama. Ukiiangusha juu ya jiwe inaanguka kimya, ngumu inalia. "Kucha zangu zimekufa na masikio yanafuata," akasema, "utatumia zako. Na tone la maji lisiingie kwenye chungu, hata jasho, risasi itakurukia usoni." Kisha akauliza kama nyumba ile ina mabomba ya zamani. Nikasema yako. "La bafu ndilo zuri," akasema, "wazungu wa zamani walitia risasi tupu, isiyochanganywa na kitu." Nikaitika vizuri. Nilirudi chumbani, nikatoa mbao, nikahamisha mbegu, nikalala kifudifudi nikalitazama bomba pale linapotoka chini ya hodhi na kuzama sakafuni. Lilikuwa la kijivu, nene, limekaa pale kama mwenye nyumba. Na ukutani nikamsikia Zablon akihesabu vijiko.

Sikulikata. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kulificha. Niliogopa. Si kwamba niliona vibaya kuiba, niliogopa kuulizwa, na anayeniuliza hakuwepo hata nchini. Nyuma ya gereji kulikuwa na jaa, na kwenye jaa betri kuukuu ya trekta. Niliivunja kwa shoka, nikatoa vibao vyake vya risasi, nikavisafisha kwa mchanga, nikavipika nje kwenye sufuria iliyong'oka masikio. Moshi wake ulinipa kichwa cha siku mbili. Ilipoyeyuka ilitanda ngozi chafu, nikaitoa kwa kijiko, na chini yake ukatokea uso mweupe unaotetemeka, safi, nikajiona ndani yake. Kwa mara ya pili mwaka ule nilisimama nikasahau kazi. Nilimimina kwenye kalibu ya Mzee, ile ya chuma inayofunguka kama koleo, na kila nilipoifungua kilidondoka kidonge cha moto chenye mkia mdogo wa kukatwa. Vitatu. Nikaweka ukucha. Alama haikutokea, kumbe risasi ya betri huchanganywa ili iwe ngumu. Nikaangusha kimoja juu ya jiwe, kikalia. Basi nikachukua kitambaa cha pamba, nikakipaka mafuta ya kondoo kama nilivyoagizwa, lakini badala ya kukiacha wazi nikakishona kuzunguka kila kidonge, mshono mzuri wa shuleni, ili mkono wa mzee usiguse kilicho ndani. "Umetoa bombani?" akauliza. "Bombani, Mzee," nikasema.

Tulishuka kabla ya jua. Mzee alimimina baruti, akashindilia kitambaa na kidonge kwa mdeki, akaweka fataki, akalaza mtutu kwenye panda ya mti. Mimi nililala kando, bega langu na lake. Ukungu ulikuwa mzito juu ya mto. Mgeni akatoka hatua moja, akasikiliza, kama siku ya kwanza. "Kulia kidogo," nikanong'ona. "Chini. Hapo." Gobore likapiga, moshi ukafunika dunia, na ulipopanda nikaona nyuma ya mnyama ikipotea kichakani. Damu ilikuwepo, matone machache, tukaifuata hadi jua likawa kali, ikakatika kwenye maji. Mzee akageuka. Alirudi hadi pale mnyama aliposimama, akaenda nyuma yake hatua kumi hadi kwenye kichuguu, akapapasa kwa vidole, akaanza kuchimba kwa kisu. Akakitoa kidonge. Kilikuwa kimepita ndani ya mnyama na ndani ya udongo, na bado kilikuwa cha mviringo kamili.

"Weka ukucha," akaniambia. Nikaweka. Kikakataa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba ni fupi hatua kumi. Nikamweleza yote, betri, mshono, Zablon na vijiko vyake. Nililia, naye akaniacha nilie. Kisha akauliza, "Bomba ni la nani?"

"La mzungu."

"Yuko wapi?"

"Alikwenda zake."

"Basi umemwogopa asiyekuwepo," akasema, "na aliyekuwepo amekwenda na tundu." Akakaa juu ya kichuguu akafuta kisu kwa majani. Alionekana mzee sana. "Imebaki baruti ya mara moja. Mimi siondoki mpaka nimpate, hata kama nitazeekea hapa. Lakini sitaivunja nyumba ya watu. Hiyo ni kazi yako."

Nilipanda hadi nyumbani na viatu vya matope, nikapita kwenye zulia la Zablon, nikaingia bafuni, nikatoa mbao. Nilichukua kisu cha jikoni kwa sababu sikuwa na msumeno, nikajua kitavunjika, na kikivunjika nitaomba shoka. Nikakiweka juu ya bomba nikakandamiza. Kisu kikazama. Sikuamini. Lile bomba lililonifanya nilale kwa adabu miezi yote ile lilikatika kama kiazi kilichoiva nusu, vipande vilivyojikunja vikianguka sakafuni vinang'aa. Nilicheka peke yangu, nikaendelea kukata nikicheka, na nilipoinua macho Zablon alikuwa mlangoni na kitambaa chake mkononi. Nikangoja anipigie kelele. Alilitazama bomba. "Bwana alipendanga maji ya moto sana," akasema. "Nilikuwa ninayabeba ndoo kumi na nne kila jioni." Kisha akapiga magoti, akashika upande wa pili ili lisitikisike, nami nikamaliza kukata.

Vidonge vya mara hii vilikubali ukucha na vilianguka kimya. Sikushona, niliviacha wazi, na Mzee alikigeuza kimoja kwenye kiganja akakubali kwa kichwa. Mnyama hakuonekana siku nane. Shambani maharagwe yalianza kuchipua tena, na wengine waliniambia nimruhusu Mzee aende, tatizo limekwisha. Sikutaka kusikia. Niliota tundu lile. Siku ya tisa alitoka, na hakutoka kwa hatua moja. Alichechemea. Akasimama akasikiliza kama kawaida, masikio yakizunguka, pembe juu, na moyo wangu ukaumia kwa fahari yake. "Mbele yako," nikasema. "Juu ya mguu wa mbele." Moshi ulipopanda alikuwa ameketi, ameketi kweli, kichwa juu, akitutazama tukija. Mzee alikimbia. Mtu ambaye hakuona mlango alikimbia kwenye mistari ya mahindi bila kuvunja hata mmoja, akamshika pembe kwa upole, akataja jina la Mungu kwa sauti, akamchinja. Nilipofika nilipiga magoti nikagusa paja lake la nyuma. Tundu dogo upande mmoja, tundu dogo upande wa pili, yote yameanza kufunga. Alitembea nayo siku tisa. Mzee alikichukua kidole changu akakiweka juu ya tundu lile, akakiacha hapo. Sijawahi kufundishwa somo jingine kwa ufupi ule.

Zablon alifungua chumba cha kulia. Hakuna aliyemwomba. Aliweka vijiko vyote, akamkalisha Mzee Athumani kwenye kiti cha mwisho wa meza, na familia sita, Wakristo na huyo Mwislamu mmoja, tukala nyama moja kutoka sinia moja, watoto mikono yao ikiwa ya mchuzi juu ya mbao zilizopakwa mafuta kila Ijumaa. Hakuna aliyepanguza hadi tulipomaliza. Afisa alipokuja alikuta mahindi yananifika kiunoni na maharagwe yamechipua tena, akatembea hadi kwenye kichuguu, akaandika, akaenda. Kipande kile ndicho ninachokaa hadi leo. Mzee alirudi Matungu na ngozi, na mguu mmoja wa nyama iliyokaushwa, na sikumwona tena. Habari za kifo chake zilinifikia miaka mingi baadaye, kwa mtu wa sokoni Matete ambaye hakujua anamwambia nani.

Basi nilipomaliza mandazi nikamwita yule kijana wa kandarasi. Nikamwambia, "Mimi ndiye nililikata. Na sikuiba."

"Kukhu, chuma kizito namna hiyo, ulikikata na nini?"

"Kisu cha jikoni."

Akacheka, akawatazama wenzake, akadhani ni uzee. Nikamwambia aniletee kipande kilichobaki. Akakiweka magotini mwangu, kizito, baridi, kikiwa bado na alama za kisu changu pale mwishoni. Nikamwambia aweke ukucha. Akainama, akaweka, akakandamiza kidogo, akautoa. Alama ikabaki.